Kunukuu sheria na hukumu kwenye tasnifu: APA, OSCOLA na mitego ya "Cap."

Bint_Kibokoni:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Swali kwa wanaojua. Tasnifu ni ya uzamili, idara ya mipango miji wala si sheria, na mada ni njia za umma za kwenda ufuoni Mombasa. Idara inataka mtindo wa marejeleo wa APA, toleo la 7. Mambo manne yananitatiza.

Katiba inaingia kwenye orodha ya marejeleo au haiingii? Sheria ya Usajili wa Ardhi naiona kwengine imeandikwa "No. 3 of 2012", kwengine "Cap. 300" (yaani "chapter", nambari ya sura katika mkusanyiko wa sheria za Kenya): ipi ndiyo? Hukumu ya mahakama inaandikwa vipi, hasa ninapotaka kuonyesha aya moja tu ndani yake? Na sheria za kaunti je?

Jengine: tasnifu nyingi zimeandika "Republic of Kenya (2012a)", "(2012b)" mpaka herufi zinafika f. Ndivyo inavyotakiwa?

---

Rafu_ya_Tatu:

Waalaykum salaam dadangu. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi. Sivyo. "Republic of Kenya (2012a)" halimwambii msomaji chochote. Mwaka 2012 pekee Bunge lilipitisha Sheria ya Usajili wa Ardhi (Na. 3), Sheria ya Ardhi (Na. 6), Sheria ya Serikali za Kaunti (Na. 17) na nyengine nyingi. Anayekutana na "2012d" inambidi aache kusoma akafunue kurasa za mwisho, na akifika huko akukute umekosea herufi.

Sheria hurejelewa kwa jina lake. Pale ambapo kitabu kinaweka jina la mwandishi, sheria inaweka jina la sheria. Ndani ya matini: (Land Registration Act, 2012, s. 26(1)(b)). Kwenye orodha: Land Registration Act, No. 3 of 2012 (Cap. 300), Laws of Kenya. Jina ni lile fupi ambalo sheria yenyewe imejipa katika kifungu chake cha kwanza. Lile refu la juu na lile wanalolitumia magazeti, achana nayo.

Kisha shuka mpaka herufi ya mwisho ya kifungu. Wengi huandika "s. 26" wakapita. Kifungu hicho kina milango miwili ya kuipinga hati ya ardhi: (a) ni udanganyifu ambao mwenye hati mwenyewe amethibitishwa kuwa mshiriki, na (b) ni hati iliyopatikana kinyume cha sheria, kwa kuruka utaratibu, au kwa njama ya ufisadi. Maneno ya kumtaka mwenye hati awe mshiriki yako kwenye (a) tu. Mnunuzi asiye na hatia anaweza kuponea (a) akanaswa na (b). Ukiandika 26 bila herufi, mtahini wa sheria atajua hukukisoma kifungu.

Katiba: ukiitaja kwa ujumla, jina kwenye sentensi latosha. Ukitumia kifungu, andika (Constitution of Kenya, 2010, art. 40(6)) na uiweke pia kwenye orodha. Mwongozo wa APA umejengwa juu ya sheria za Marekani na kwa nchi nyengine unakuachia ufuate desturi ya nchi husika, kwa hivyo usitafute humo kiolezo cha Kenya. Shika sura moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

---

Mlango_wa_Papa:

Naongezea kwenye Cap., maana hapo pana shimo na watu wanatumbukia kila mwaka.

Kabla ya 2012, Cap. 300 ilikuwa Registered Land Act. Sheria hiyo ilifutwa na Land Registration Act, yaani hiyo Na. 3 ya 2012. Baadaye, katika toleo la sheria lililorekebishwa la 2022, sheria mpya zilipewa nambari za Cap., na 300 ikapewa Land Registration Act. Kwa hivyo makala ya 2009 inayosema "Cap. 300, s. 28" na tasnifu yako inayosema "Cap. 300, s. 28" zinazungumzia sheria mbili tofauti. Cap. 280 ni vivyo hivyo: ilikuwa Government Lands Act, leo ni Land Act. Cap. 226 ilikuwa sheria ya ajira ya zamani, leo ni ile Na. 11 ya 2007. Mbaya zaidi ni Cap. 486: Companies Act ya zamani na Companies Act ya 2015 zina jina moja na sasa zina Cap. moja, zinatenganishwa na mwaka tu.

Dawa yake ni kuandika vyote: jina, nambari na mwaka, kisha Cap. kwenye mabano. Ni urefu wa maneno matatu na unaondoa utata wote. Sheria za kale kama Penal Code (Cap. 63) au Evidence Act (Cap. 80) hazina shida hii, Cap. peke yake inatosha.

Kwa mada ya pwani kuna la ziada. Hati nyingi za huku zilitolewa chini ya Land Titles Act (Cap. 282), iliyoanzia 1908, au Registration of Titles Act (Cap. 281). Zote zilifutwa 2012, lakini kesi za hati hizo zinaendelea mpaka leo. Ukijadili hati ya 1989, sheria ya kunukuu ni ile ya wakati ule, ukiongeza neno "imefutwa" baada ya Cap., kisha unukuu kifungu cha 107 cha sheria ya 2012 kinachoeleza haki za zamani zinavuka vipi. Kuandika kwamba kifungu cha 26 ndicho kilichoilinda hati hiyo mwaka 1989 ni kosa la hoja kabla ya kuwa kosa la marejeleo.

---

Bint_Kibokoni:

Shukrani sana. Kumbe makala ya zamani niliyokuwa nayo inazungumzia Cap. 300 ile nyengine. Na hukumu sasa?

---

Tanbihi_Chini:

Hukumu basi. Kwa mada yako ipo moja usiyoweza kuikwepa, ya kiwanja cha ufuoni Nyali, na inafaa kuwa mfano:

Dina Management Limited v County Government of Mombasa & 5 others (Petition 8 (E010) of 2021) [2023] KESC 30 (KLR) (21 April 2023) (Judgment)

Isome kwa vipande. Majina ya wahusika, "v" isiyo na nukta. Nambari ya faili mahakamani. Mwaka kwenye mabano ya mraba. KESC ni Mahakama ya Upeo ya Kenya. Mahakama ya Rufaa ni KECA, Mahakama Kuu KEHC, Mazingira na Ardhi KEELC, Ajira KEELRC, Kadhi KEKC. 30 ni nambari ya uamuzi huo katika mwaka huo. KLR ni ripoti za sheria za Kenya. Kisha tarehe, na aina ya uamuzi.

Nambari ya faili na nambari ya uamuzi zinachanganywa mno. Petition 8 ni lini na wapi kesi ilisajiliwa. KESC 30 ni uamuzi uliotoka. Faili moja laweza kuzaa maamuzi mengi.

Aya fulani inaonyeshwa kwa nambari yake. Kwa OSCOLA, mtindo wa wanasheria unaotumia tanbihi, inakaa mwishoni kwenye mabano ya mraba, kwa APA andika "para." na nambari. Hukumu za miaka ya karibuni zimewekewa nambari za aya. Za zamani mara nyingi hazina: hapo tumia ukurasa wa ripoti iliyochapishwa, au taja kichwa kidogo kilicho karibu. Usihesabu aya mwenyewe ukaziwekea nambari, hakuna mwengine atakayefika hesabu ile ile.

Kuhusu eKLR, yaani KLR ya kielektroniki. Huo ndio mtindo uliotangulia, mfano [2014] eKLR, na udhaifu wake ni kwamba hauna nambari ya mfululizo. Raila Amolo Odinga & another v IEBC & 2 others [2017] eKLR: ni ipi? Uamuzi wa kufuta uchaguzi ulitolewa tarehe 1 Septemba 2017, na sababu kamili zikatolewa tarehe 20 Septemba. Rejeleo la eKLR pekee halitenganishi. Ukilazimika kulitumia ongeza nambari ya kesi na tarehe. Au bora zaidi, fungua ukurasa wa hukumu hiyo kwenye tovuti ya Kenya Law uone kama imepewa nambari ya mtindo mpya, kwani za zamani nyingi zimeshapewa.

Kesi ya Muruatetu ndiyo inayowaponza wengi zaidi. Desemba 2017 Mahakama ya Upeo ilisema hukumu ya lazima ya kifo inakiuka Katiba. Mahakama za chini zikaitumia hadi kwa wizi wa mabavu na makosa ya kingono. Tarehe 6 Julai 2021, kwenye faili zile zile za Petition 15 na 16 za 2015, mahakama ikatoa maelekezo, [2021] KESC 31 (KLR), kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake, kifungu cha 204 cha Penal Code. Anayenukuu ya 2017 bila ya 2021 ananukuu nusu.

Ripoti za Afrika Mashariki za zamani zinaandikwa hivi: Giella v Cassman Brown & Co Ltd [1973] EA 358. Mabano ya mraba kwa sababu mwaka ndio unaokuongoza kwenye juzuu. Kama juzuu zina nambari zake zenyewe zisizotegemea mwaka, mwaka unaingia kwenye mabano ya kawaida. Tofauti hiyo si pambo.

---

Rafu_ya_Tatu:

Nyongeza fupi juu ya italiki. APA: jina la kesi linalazwa ndani ya matini, kwenye orodha linasimama wima. OSCOLA: linalazwa kwenye tanbihi, linasimama kwenye jedwali la kesi. Jina la sheria halilazwi popote katika OSCOLA. Wapiga chapa huku mjini wana mazoea ya kulaza kila kitu, kwa hivyo mkague kabla ya kulipa.

---

Kivukoni_Kwetu:

Mimi sioni haja ya mateso haya. Mada ni ya ardhi, mwambie msimamizi akuruhusu OSCOLA, uweke tanbihi, mambo yaishe. APA kwa sheria ni kama kuvaa kanzu ukaenda kuvua samaki.

---

Tanbihi_Chini:

Yakhe, OSCOLA ni nzuri, lakini mwongozo wa idara ndio unaotahini. Tasnifu ya mipango miji ina makala za sayansi jamii mia na zaidi, na sheria labda kumi na tano. Kugeuza yote kwa ajili ya hizo kumi na tano ni hasara. Abaki na APA, ila kwenye orodha atenge sheria na hukumu chini ya vichwa vyao. APA yenyewe haitaki vichwa hivyo, kwa hivyo aombe idhini ya maandishi. Idara nyingi zinakubali, maana mtahini anafurahi kuiona Katiba mahali pake badala ya kuitafuta katikati ya majina yanayoanza na C.

Kwa walioko kitivo cha sheria wanaotumia OSCOLA, tatizo kubwa ni (n 4), yaani "tazama tanbihi ya 4". Mfumo unaruhusu kufupisha rejeleo lililokwisha tajwa: Dina Management (n 4). Ukiongeza tanbihi moja sura ya pili, ile ya 4 inakuwa 5, na kila (n 4) inasema uongo. Usiziandike kwa mkono. Kwenye Word ingiza kiungo cha ndani kinachofuata nambari ya tanbihi. Na jueni kwamba Ctrl+A kisha F9 ukiwa kwenye matini hakugusi tanbihi. Bofya ndani ya tanbihi yoyote, urudie Ctrl+A na F9 ukiwa humo. "Ibid" ni kwa tanbihi iliyo juu moja kwa moja tu; supra na op cit OSCOLA imezikataa kabisa, ijapokuwa walimu wa zamani wanazipenda.

---

Mlango_wa_Papa:

Sheria za kaunti, hakuna aliyezigusa. Kila bunge la kaunti linaanza hesabu yake kwa 1 kila mwaka, kwa hivyo "Act No. 3 of 2015" bila jina la kaunti yaweza kuwa ya Kwale, Kilifi au Mombasa. Jina la kaunti ni lazima, na ongeza nambari ya nyongeza ya Gazeti rasmi la kaunti ulikoisoma. Kifungu cha 25 cha County Governments Act kinataka sheria ichapishwe ndani ya siku 7 baada ya gavana kutia saini, na ianze kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa isipokuwa yenyewe imesema vyengine. Nakala ya PDF inayozunguka kwenye simu mara nyingi ni mswada. Kama haina nambari ya Gazeti, usiiite sheria.

Kanuni zinazotungwa chini ya sheria zina nambari ya Legal Notice, mfano Civil Procedure Rules, 2010 (L.N. 151 of 2010). Hii si sawa na Gazette Notice, ambayo ni tangazo la uteuzi, la kiwanja kinachotaka hati mpya na kadhalika. Zote zimo kwenye Gazeti, kila moja ina mfululizo wake. Na kanuni zinakufa zenyewe: Statutory Instruments Act, Na. 23 ya 2013, kifungu cha 21, inazipa miaka 10 zisipohuishwa. Ukinukuu kanuni iliyokula miaka yake, kagua kwanza.

Miswada sasa. Kila muhula utaona "Finance Act, 2024" kwenye kazi za wanafunzi. Haipo. Kulikuwa na Finance Bill, 2024 (National Assembly Bill No. 30 of 2024), Rais akakataa kuitia saini na ikaondolewa. Ile ya 2023, Na. 4, ipo, ila imepita kwenye tanuri: Mahakama ya Rufaa iliibatilisha tarehe 31 Julai 2024, Mahakama ya Upeo ikautengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo. Aliyenukuu Agosti akatetea tasnifu Desemba alikuwa na kazi ya kurudia.

Kwa mtu wa mazingira hapa Mombasa, kesi ya sumu ya madini ya risasi (lead) ya mtaa wa Owino Uhuru ni hivyo hivyo. Uamuzi wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Petition 1 of 2016, ulitoka Julai 2020, ukafika Mahakama ya Rufaa 2023, kisha Mahakama ya Upeo Desemba 2024. Ukiusimamisha ule wa 2020 peke yake umeacha hatua mbili.

---

Ustadh_Makadara:

Kwa ndugu wanaoandika juu ya mirathi na ndoa. Msingi ni Katiba, kifungu cha 170(5), si Kadhis' Courts Act (Cap. 11) peke yake. Kifungu hicho kinaweka masharti: suala liwe la hadhi ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, wahusika wote wawe Waislamu, na waikubali mahakama hiyo. Na kwamba Law of Succession Act (Cap. 160) haiwahusu Waislamu, hilo limo kwenye kifungu cha 2(3), ambacho hakikuwemo tangu mwanzo, kiliingizwa 1990. Ukijadili kesi ya 1985 usikitumie.

Qur'ani rejelea kwa sura na aya, 4:11, 4:12 na 4:176 kwa mafungu ya mirathi, si kwa ukurasa wa msahafu. Ukinukuu tafsiri, mtaje mfasiri na toleo mara ya kwanza. Hadithi ndiyo ngumu: nambari zinatofautiana kati ya wachapishaji, kwa hivyo andika mkusanyaji, jina la kitabu ndani ya mkusanyiko, nambari, na mchapishaji. "Imepokewa na Bukhari" yafaa mimbari, haifai tasnifu. Na kauli ya fakihi ni rejeleo la kitabu, usiichanganye kwenye orodha ya sheria.

---

Mwanafunzi_wa_Pwani:

Na kama tasnifu yenyewe ni ya Kiswahili? Majina ya sheria nitafsiri?

---

Rafu_ya_Tatu:

Sheria za Bunge la Kenya zimetungwa kwa Kiingereza. Mara ya kwanza toa jina rasmi kama lilivyo pamoja na nambari, kisha sema utakaloliita: "hapa Sheria ya Usajili wa Ardhi". Baada ya hapo endelea na Kiswahili. Kwenye orodha jina rasmi ndilo linalobaki, kwa sababu ndilo litakalotafutwa. Acha "Cap." kama ilivyo, maana ukiandika "Sura ya 5" msomaji atadhani ni Sura ya Tano ya Katiba.

Katiba ina tafsiri ya Kiswahili na unaruhusiwa kuinukuu. Ila kifungu cha 259(2) kinasema matoleo yakipingana, la Kiingereza ndilo linaloshika. Hoja yako ikisimama juu ya neno moja, nukuu Kiingereza pia kwenye tanbihi.

Ukilinganisha na Tanzania, taja nchi kila mara. Kwao Sura ya 113 ni Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, na huwa wanaongeza mwaka wa toleo lililorekebishwa, kama R.E. 2019. Ukilisahau hilo, mpangilio wa vifungu waweza kuwa umebadilika mikononi mwa msomaji.

---

Kivukoni_Kwetu:

Na hizi programu za akili bandia? Ukiuliza kesi ya ufuo inakuletea tano, zote zina majina mazuri.

---

Tanbihi_Chini:

Majina mazuri ndiyo kazi yake. Mata v Avianca, New York, 2023: mawakili walipeleka kortini kesi zisizokuwepo zilizotungwa na ChatGPT, wakatozwa faini ya dola 5,000. Mtihani wake ni mrahisi. Andika nambari ya uamuzi, mfano [2023] KESC 30, kwenye utafutaji wa Kenya Law. Tazama mambo matatu: wahusika ni wale wale? Tarehe ni ile ile? Ukifungua aya uliyoipewa, inasema hilo unalodai? La tatu ndilo linalorukwa, na mara nyingi kesi ipo kweli lakini haikusema hivyo. Tahadhari pia na maneno ya wakili yaliyonukuliwa ndani ya hukumu. Jaji hufupisha hoja za pande zote kabla ya kuamua, na wanafunzi wengi huzinukuu hoja za aliyeshindwa kama sauti ya mahakama.

---

Bint_Kibokoni:

Allah awajazi kheri. La mwisho: viungo vya tovuti niviweke? Na Zotero, ile programu ya kupanga marejeleo, inaweza kufanya haya yenyewe?

---

Rafu_ya_Tatu:

Viungo vya Kenya Law vya zamani usivinakili kutoka tasnifu za watu, tovuti ilibadilishwa na vingi havifikishi. Vya sasa vinabeba tarehe mwishoni baada ya alama ya @. Kwa sheria, hiyo ni tarehe ya toleo ulilofungua, kwa hivyo nakili kiungo chote bila kukikata, na uandike kwenye utangulizi wa tasnifu: "Sheria zimerejelewa kama zilivyokuwa hadi tarehe fulani." Wiki ya kuwasilisha, zipitie zote ubadilishe tarehe hiyo.

Zotero ina aina ya kuhifadhi kesi na aina ya sheria, zitumie kwa kuhifadhi tu. Ukiiambia itoe APA itakupa sura ya Kimarekani na mara nyengine itaangusha nambari ya sheria. Kwa sheria kumi na tano andika orodha kwa mkono, kesi kwa alfabeti ya jina la kwanza la mhusika, "Republic v" ziende kwenye R. Kifungu usikiweke kwenye orodha. Orodha inataja sheria nzima, kifungu kinakaa kwenye matini.